Mashariki mwa Congo: simu imekuwa chuo cha pili, lakini mega na umeme ndivyo vinaamua nani anasoma

Katika vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira, somo halianzi tena pale profesa anapoingia katika oditwari. Linaanza kwenye simu. Kiongozi wa promosiyo, yule wanafunzi wanaita CP, anatuma silabusi ya PDF katika kundi la WhatsApp usiku. Asubuhi anatangaza kwamba ukumbi umebadilika. Jioni mwanafunzi mwingine anatuma picha ya ubao kwa wale walioshindwa kufika. Hakuna sheria iliyoamuru mambo yawe hivyo, na hakuna mkubwa aliyekata utepe kuzindua mradi huo. Wanafunzi wenyewe ndio walioanza, kwa sababu ilikuwa njia ya bei ndogo.

Faida yake inaonekana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza leo kufikia vitabu ambavyo profesa wake hakuwahi kuviona alipokuwa na umri kama wake. Lakini mabadiliko hayo yameleta swali ambalo wazazi wanaolipa minervali wameanza kuliuliza: ikiwa masomo yamehamia ndani ya simu, yule asiye na simu nzuri, asiye na mega na asiye na umeme nyumbani, anasomea wapi?

Kutoka maktaba tupu hadi PDF

Ili kuelewa kwa nini simu imepokelewa haraka hivyo, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Chuo kikuu cha kwanza inchini, Lovanium, kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Kile cha Lubumbashi kilifuata miaka miwili baadaye, na cha Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, kabla ya kuvitenganisha tena mwaka 1981. Baadaye uchumi ulianguka, na uporaji wa mwaka 1991 na ule wa 1993 ukamalizia kilichobaki. Katika miaka hiyo kununua vitabu vipya na majarida ya sayansi kulikuwa ndoto.

Vyuo vingi vya mashariki vilizaliwa katika kipindi hicho kigumu. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, huko Butembo, vyote vilianza mwaka 1989. Wazazi, makanisa na jamii walijenga kuta na kutafuta walimu, lakini maktaba ya kweli inahitaji pesa nyingi kila mwaka. Ndipo silabusi ikachukua nafasi ya maktaba. Profesa aliandika somo lake kwenye karatasi, likapigwa fotokopi, na mwanafunzi akalinunua. Kwa wengi, hicho ndicho kilikuwa kitabu pekee cha somo zima, na mara nyingine kiliandikwa miaka kumi au kumi na tano kabla.

PDF imevunja ukuta huo. Faili la kurasa mia moja za maandishi matupu linaweza kuwa na uzito wa megabaiti moja au mbili tu. Likiingia katika simu moja, linaweza kuenea katika promosiyo nzima kabla ya saa sita ya mchana, kwa WhatsApp au kwa Bluetooth bila kutumia hata uniti moja. Mwanafunzi wa udaktari anapata atlasi ya mwili wa binadamu yenye rangi, wakati zamani aliiona katika fotokopi nyeusi ambamo mshipa wa damu na mshipa wa fahamu vilifanana. Yule wa sheria anabeba katiba, sheria ya familia na sheria ya ardhi ndani ya mfuko wa suruali.

Kwa nini WhatsApp imeshinda

Shule na vyuo vilipofungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19, inchi nyingi zilihamishia masomo kwenye mikutano ya video. Congo haikuweza, isipokuwa vyuo vichache na kwa masomo machache. Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kula kati ya nusu gigabaiti na zaidi ya gigabaiti moja. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa katika WhatsApp inakula karibu megabaiti kumi. Kwa mega ambazo mwanafunzi angetumia kufuata somo moja la video, anaweza kusikiliza masomo ya sauti ya muhula mzima.

Kuna sababu nyingine. Sauti inangoja. Kama umeme haupo leo, au mtandao umepotea mtaani, ujumbe utafika kesho na hautakuwa umeharibika. Video ya moja kwa moja haimngoji mtu. Hata ukubwa wa makundi ulikuwa tatizo zamani: hadi mwaka 2022, kundi moja la WhatsApp halikuweza kupita watu 256, na promosiyo kubwa ya mwaka wa kwanza ililazimika kujigawa. Leo kundi linaweza kuwa na watu 1,024.

Hata hivyo WhatsApp haikutengenezwa kuwa chuo. Silabusi inatumwa saa nne, na kufikia saa sita imezikwa chini ya salamu, picha za arusi, matangazo ya msiba na mabishano ya siasa. Anayebadilisha simu anaweza kupoteza masomo ya mwaka mzima. Zaidi ya hayo, CP amekuwa mlango wa habari zote. Akikosana na mtu, au akikosa mega siku ambayo tarehe ya mtihani imesogezwa mbele, wapo watakaofika wakati wenzao wamekwisha kutoka.

LMD imeongeza uzito

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, wizara ya masomo ya juu na vyuo vikuu iliamuru vyuo vyote vianze mfumo wa LMD kwa mwaka wa kwanza. Ule wa zamani, miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, unaondoka. Katika mfumo mpya, lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, na masta ni miaka miwili yenye kredi 120. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilikuwa imekwisha kufungua njia hiyo.

Wazazi wengi waliona tu kwamba majina ya diploma yamebadilika. Lakini jambo kubwa la LMD limo ndani ya kredi yenyewe. Kredi haihesabu tu saa ambazo mwanafunzi amekaa mbele ya profesa. Inahesabu pia kazi anayofanya peke yake: kusoma, kutafuta, kuandika, kujaribu katika maabara. Kwa maneno mengine, mfumo huu unachukulia kwamba mwanafunzi, akitoka katika oditwari, ana mahali pa kutafuta elimu. Huko Ulaya ulikotoka, mahali hapo ni maktaba yenye joto na intaneti inayofunguliwa hadi usiku. Kule Kadutu au Katoyi, mahali hapo ni simu yenye kioo kilichopasuka na forfe ya siku moja.

Mwanafunzi asipopata hiyo saa ya kazi binafsi, kredi inabaki maneno kwenye karatasi. Anarudi kukariri silabusi kama kaka zake walivyofanya, isipokuwa sasa anaikariri kwa miaka mitatu badala ya mitano.

Umeme, mega na chupa za plastiki

Teknolojia yote inasimama juu ya umeme, na katika Congo raia mmoja tu kati ya watano hivi ndiye anayeupata. Goma ina bahati kidogo: bwawa la Matebe, huko Rutshuru, lenye megawati 13.6, lilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2015 na limeleta umeme katika mitaa mingi ya mji. Bukavu bado inategemea sana bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II la mwaka 1989. Mashine zimezeeka na wakaaji wameongezeka mara nyingi. Juu ya hayo, takataka za plastiki zinazotupwa katika Ziwa Kivu zinasukumwa na maji hadi kwenye bwawa na kuziba mitambo. Chupa iliyotupwa mtoni asubuhi inaweza kuchangia giza linalomkuta mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani.

Delestaji inapogonga, mwanafunzi anapeleka simu kwenye kibanda cha kucharji na kulipa. Kisha analipa mega. Kisha analipa fotokopi kwa wale maprofesa wanaodai kazi kwenye karatasi. Kila malipo ni madogo, lakini kila siku yanarudi, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi ya minervali ambayo baba aliiona alipokubali mtoto aanze chuo.

Intaneti yenyewe inafika mashariki kwa njia ndefu. Waya wa baharini wa WACS ulizinduliwa Muanda mwaka 2013, lakini Muanda ni upande wa magharibi kabisa, kwenye bahari ya Atlantiki. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya Kivu na Ituri inapitia Rwanda na Uganda hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Kila mpaka unaovukwa unaongeza bei. Mwezi wa tano mwaka 2025, idara ya posta na mawasiliano ARPTC ilitangaza kwamba Starlink imepewa ruhusa, baada ya kuikataza mwaka mmoja kabla. Kwa chuo kilicho mbali na waya, satelaiti inaweza kuwa suluhisho. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, bei ya kifaa bado ni ya mtu tajiri.

Wanafunzi wasichana wana mzigo wa ziada. Mtandao huwa mwepesi na forfe nyingi huwa za bei ndogo usiku wa manane. Kijana mvulana anaweza kutoka kwenda kukaa karibu na chuo au kwenye siberi ya mtaani. Binti hawezi kutoka saa hiyo katika mji ambamo risasi zinasikika, na hata akibaki nyumbani, kazi za jikoni na wadogo zake vilikwisha kumaliza jioni yake.

Profesa, silabusi na mshahara

Si kila profesa amefurahia PDF. Wapo wanaoona kwamba kazi yao ya miaka mingi inasambazwa bure. Wengine wanasema waziwazi kwamba mshahara haufiki kwa wakati, au kwamba asistenti wanafundisha miaka mingi bila kulipwa na serikali, na kwamba silabusi ndiyo inayolisha nyumba. Wizara imekwisha kukataza kumlazimisha mwanafunzi kununua silabusi, lakini katazo haliingizi unga katika sufuria. Ndiyo maana katika vyuo fulani majina ya walionunua yanaendelea kuandikwa kwenye orodha, na kila mwanafunzi anajua orodha hiyo inaweza kutumika kwa nini.

Hapo teknolojia inagusa jambo zito kuliko mtindo wa kufundisha. Minervali inapolipwa kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, risiti inabaki. Pointi zinapoingizwa katika programu ya chuo na mwanafunzi akaziona mwenyewe kwenye simu, ni vigumu zaidi kuzibadilisha gizani, na msichana hana tena sababu ya kuitwa ofisini jioni eti kuangalia matokeo yake. Lakini programu haimfanyi mtu kuwa mwema. Anayeshika neno la siri ndiye anayebaki na ufunguo, na chuo kisichoandika nani aliingia na nani alibadilisha nini kimehamisha tu rushwa kutoka daftari hadi kompyuta.

Akili bandia katika kazi ya mwisho wa masomo

Tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya Marekani OpenAI ilifungua ChatGPT kwa watu wote. Haikuchukua muda mrefu kabla ya wanafunzi wa Congo kuitumia kuandika TFC na memwari. Kunakili hakukuanza siku hiyo. Kwa miaka mingi, katika sekreteriati za mtaani zinazozunguka vyuo, kazi ya mwaka uliopita iliweza kubadilishwa jina la mji na jina la mwandishi na kurudi mezani kama mpya. Kilichobadilika ni kwamba zamani mwenye macho aliweza kukuta kazi ya kwanza. Sasa maandishi ni mapya kabisa, Kifaransa ni kizuri, na mwenyewe hajui kilichoandikwa.

Hatari ya kwanza ni uongo unaosemwa kwa sauti ya hakika. Mashine hizo zinaweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, chenye mwandishi, mwaka na ukurasa. Mwanafunzi wa sheria anayeuliza kuhusu urithi anaweza kujibiwa kwa sheria ya Ufaransa, wakati hakimu wa Congo atafuata sheria ya familia ya mwaka 1987 kama ilivyorekebishwa mwaka 2016. Anayeuliza kuhusu ardhi ya Masisi au Walungu anapewa maneno ya jumla, kwa sababu mengi yanayojulikana huko hayajawahi kuwekwa kwenye intaneti. Yako katika vichwa vya wazee na katika memwari zinazooza ndani ya makabati ya vyuo vyenyewe.

Hatari ya pili ni kutegemea mashine nyingine kukamata ya kwanza. OpenAI yenyewe ilitengeneza kifaa cha kutambua maandishi ya akili bandia, kisha ikakiondoa mwezi wa saba mwaka 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Profesa anayemfukuza mwanafunzi kwa kutegemea programu peke yake anaweza kumwadhibu asiye na kosa. UNESCO, katika mwongozo wake wa mwezi wa tisa mwaka 2023, iliomba serikali ziweke kanuni na kuwafundisha walimu kwanza.

Dawa iliyopo haihitaji intaneti. Ni kumuuliza mwanafunzi kwa mdomo. Aliyekwenda kweli soko la Kadutu kuhoji wauza samaki ataeleza walivyomjibu, nani alikataa kuongea, na bei ilipanda siku gani. Aliyeandikiwa na mashine atanyamaza baada ya swali la pili. Lakini kuuliza hivyo kunataka muda, na profesa mwenye memwari nyingi za kusimamia katika vyuo vitatu tofauti hana muda huo. Kwa hiyo akili bandia haikuleta ugonjwa mpya. Imeonyesha ule uliokuwepo.

Vita vinapofunga mlango

M23 iliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu katikati ya mwezi uliofuata. Umeme na maji vilikatika Goma, mitandao ikayumba, benki zikafunga, na uwanja wa ndege ukanyamaza. Familia zilitawanyika. Kwa mwanafunzi aliyekimbia na begi moja, faili lililo ndani ya simu ndilo lililobaki la chuo chake: silabusi, picha ya kadi, orodha ya pointi.

Vita vimeonyesha pande zote mbili za teknolojia. Simu iliyobeba masomo ndiyo pia inayopekuliwa au kuporwa barabarani. Hati zilizohifadhiwa kwenye kompyuta moja ya ofisi zinaweza kupotea kwa usiku mmoja, wakati zile zenye nakala mahali pengine zinamngoja mwenyewe. Kwa mtu anayetaka kuendelea na masomo Kisangani, Kampala au Kinshasa, karatasi inayothibitisha alichosoma ina thamani kama pasipoti. Na wakaaji hawajasahau kwamba hata bila risasi mtandao unaweza kuzimwa: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, inchi nzima ilikaa karibu siku ishirini bila intaneti.

Njia zisizongoja mtandao

Kwa sababu hiyo, vifaa vinavyofaa zaidi mashariki mwa Congo ni vile vinavyofanya kazi hata mtandao ukikosekana. Kiwix ni programu ya bure inayoweka Wikipedia nzima ndani ya simu au kompyuta, ikasomwa bila mega. Toleo la Kiswahili, lenye makala zaidi ya 70,000, halihitaji nafasi kubwa. Kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, ikiwashwa kwa kibao cha jua, inaweza kusambaza maktaba hiyo kwa simu za wanafunzi walio katika chumba kimoja. Moodle, nayo ya bure tangu mwaka 2002, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya chuo, na mwanafunzi akapakua somo lake akiwa chuoni na kulisoma nyumbani. Tofauti na WhatsApp, somo halizikwi chini ya picha za arusi.

Kwa watafiti, mlango mwingine uko wazi na ni wachache wanaoupita. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 na majarida ya udaktari chini ya Shirika la Afya Duniani, unazipa taasisi za inchi maskini nafasi ya kusoma maelfu ya majarida ya sayansi, na Congo imo katika kundi lisilolipa. Chuo kinatakiwa kujiandikisha, na neno la siri linakaa kwa msimamizi wa maktaba. Msimamizi huyo akiondoka bila kumwachia mwenzake, au asipowaambia walimu, hazina inabaki imefungwa na kila mtu anasema hakuna vitabu.

Vyuo vya Congo vilikwisha pia kuunda mtandao wao, Eb@le, jina lenye maana ya mto kwa Kilingala, ili vinunue intaneti pamoja badala ya kila kimoja kulipa bei yake. Wazo hilo bado lina nguvu, lakini mto huo haujafika kila mahali.

Hakuna kifaa kitakachochukua nafasi ya kila kitu. Mwanafunzi wa jiolojia lazima aguse jiwe, wa kilimo aingie shambani, na wa udaktari ajifunze kusikiliza pumzi ya mgonjwa. Video inamtayarisha, haimalizi kazi. Ila kuna mambo ambayo chuo kinaweza kuamua bila kungoja mfadhili: chumba chenye vibao vya jua ambamo simu zinacharjiwa bure na mtandao wa ndani unapatikana hadi jioni, silabusi zote ziwekwe mahali pamoja, si kwa CP peke yake, memwari za zamani zipigwe picha kabla panya hawajamaliza, na mwalimu anayeandaa somo la simu ahesabiwe saa zake kama yule anayesimama mbele ya ubao.

Minervali ya watoto wa Kivu na Ituri mara nyingi inatoka kwenye mihogo, samaki, mbao au ng'ombe wa mwisho. Mzazi anayelipa hivyo hajali kama somo limepita kwenye karatasi au kwenye kioo. Anataka mtoto wake, siku atakapoombwa kutibu mgonjwa au kujenga daraja, awe anajua kufanya hivyo hata simu ikiwa imezimika.